Barabara imehama Likoni, riziki ya wenyeji ihamie wapi?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kusini mwa Pwani, hakuna mgeni aliyengojewa kwa muda mrefu na kwa hamu kubwa kama barabara ya Dongo Kundu. Kwa miaka mingi, msafiri aliyetoka bara au kisiwani Mombasa akielekea Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga alilazimika kushuka hadi kivukoni Likoni, akapanga foleni na kuisubiri feri kwa subira ya Ayubu. Asipotaka hivyo, ilimbidi azunguke mbali kupitia Kinango. Barabara kuu ya kwenda mpakani Tanzania ilikatwa na maji, na maji hayo ndiyo yaliyoamua nani afike kazini kwa wakati, nani akose ndege, na mgonjwa yupi afike hospitalini angali hai.

Sasa njia imehama. Inaanzia Miritini kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, inavuka mkono wa bahari pale Mwache, inalipasua eneo la Tsunza, inavuka maji tena Mteza kwa daraja lenye urefu wa takribani kilomita moja unusu, kisha inatokezea Kibundani kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018. Madaraja na sehemu zilizosalia zilijengwa kwa mkopo wa Japani, na kufikia mwaka 2024 gari liliweza kwenda moja kwa moja kutoka Miritini hadi Kibundani bila ya gurudumu lake kukanyaga feri.

Mgala muue na haki yake umpe. Barabara hii ni neema, na asiyekiri hivyo ana lake jambo. Wakazi wa Pwani hawajaisahau tarehe 29 Aprili, 1994, siku ambayo feri ya Mtongwe ilipinduka na kuangamiza watu 272, wengi wao wakiwa ni watu waliokuwa wakienda zao kazini. Hawajasahau pia jinsi wenye hoteli za Diani walivyolalamika mwaka baada ya mwaka kwamba wageni wao hupoteza nusu siku wakitoka uwanja wa ndege. Dereva wa lori la mizigo ya Tanzania, mkulima wa korosho na nazi wa Msambweni, na mwenye matatu ya Ukunda, wote hawa wana sababu ya kushangilia. Furaha yao ni ya haki.

Lakini barabara inapohama, huwa haihami peke yake. Huhama na pesa, huhama na shughuli, na jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba huhama na sauti pia. Hapa ndipo penye kiini cha mjadala ambao viongozi wetu wameuepuka tangu matingatinga yalipoanza kung'oa minazi. Tumefundishwa kuipima barabara kwa kilomita na kwa mabilioni yaliyotumika. Hatujajifunza kuipima kwa kuwauliza watu wa aina mbili: wale iliowaacha nyuma na wale inaowapita kwa kasi.

Tuanze na walioachwa nyuma. Foleni ambayo mwenye gari aliiona kuwa ni adhabu, mchuuzi wa Likoni aliiona kuwa ni soko. Kandokando ya magari yaliyosimama pakazuka maisha kamili: madafu, mabuyu, viazi karai, mahamri na mbaazi, maji ya chupa, magazeti, hata miwani ya jua kwa mgeni aliyeisahau yake. Hamali na wasukuma mikokoteni wakapata kazi. Mtoto akasomeshwa kwa korosho za kukaanga zilizofungwa katika karatasi. Hakuna aliyewapangia watu hawa soko hilo, wala hakuna aliyewapa hati. Walilijenga wenyewe juu ya kitu kimoja tu, nacho ni ukweli kwamba gari lililosimama lina abiria mwenye njaa, mwenye kiu, au aliyechoka kukaa.

Wale wasiovuka kwa magari wangalipo Likoni, tena ni wengi mno. Makadirio yanayotajwa kila mara ni kwamba kivuko hicho huvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku, pamoja na magari yapatayo 6,000. Kwa hivyo hakuna anayesema kwamba Likoni itakufa kesho. Hata hivyo, mteja aliye ndani ya basi la watalii au lori la masafa marefu si sawa na kibarua anayekimbilia zamu yake bandarini. Wa kwanza ana noti mfukoni na muda wa kuitumia. Wa pili ana nauli ya kurudia nyumbani. Anayehama ni yule mwenye noti.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu kivuko hicho. Wanaovuka kwa miguu hawalipi. Wanaolipa ni wenye magari. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi gari la tajiri limekuwa likichangia safari ya maskini, ingawa tajiri mwenyewe hakujua wala hakukusudia. Magari yakipungua kivukoni, mchango huo nao utapungua, ilhali injini za feri zitahitaji mafuta na vipuri vilevile. Nani basi atakayelijaza pengo hilo? Jibu haliwezi kuwa kumtoza yule anayetembea kwa miguu. Jibu haliwezi pia kuwa kuziacha feri zichakae hadi msiba mwingine utuamshe.

Tukumbuke kwamba kilio cha Likoni kilisikika Nairobi kwa sababu kilikuwa pia kilio cha wakubwa. Waziri alikwama foleni. Mwekezaji alikwama foleni. Mheshimiwa alikwama, ving'ora na yote. Feri ilipokwama katikati ya bahari, simu zililia katika ofisi zinazohusika. Wenye simu hizo sasa wanapita Dongo Kundu. Atakayebaki akiisubiri feri ni mfanyakazi wa nyumbani, mwanafunzi, mama aliyebeba kikapu cha mboga, na mzee anayekwenda kliniki. Historia ya nchi hii inatufundisha kuwa huduma inayotumiwa na wanyonge pekee haichukui muda kuwa huduma nyonge. Daraja la kuunganisha kisiwa na Likoni moja kwa moja limezungumzwa kwa miaka mingi. Hadi litakapoonekana kwa macho, feri ndiyo daraja la maskini, na serikali haina budi kuitengea fungu lake katika bajeti bila kutegemea idadi ya magari yanayovuka.

Tugeukie sasa wale ambao barabara imewafikia. Tsunza, Mteza na vijiji vinavyopakana navyo vilikuwa karibu na Mombasa kwa macho, lakini mbali kwa miguu. Mkazi wa huko aliziona taa za bandari usiku, naye mwenyewe akiwa gizani. Alipotaka kwenda mjini alitegemea mashua au njia ya vumbi ambayo mvua ya masika iliigeuza tope. Kwake yeye, lami hii ilipaswa kuwa ukombozi. Je, imekuwa?

Jibu linategemea jambo ambalo wapangaji wa barabara kuu huliona dogo, nalo ni mahali pa kuingilia na pa kutokea. Barabara kuu ya kisasa hujengwa ili gari lisisimame. Mtu wa kijijini anaihitaji barabara ambayo gari litasimama. Mvuvi wa Tsunza mwenye kapu la samaki hana faida na lami inayopita hatua mia moja kutoka mlangoni pake iwapo hapana kituo cha matatu, hapana njia ya kushukia, na hapana kivuko salama cha watembea kwa miguu. Ataishia kuyahesabu magari. Mbaya zaidi, mwanawe atajaribu kuikimbia barabara hiyo kwenda shuleni upande wa pili, na sisi sote twajua jinsi habari za namna hiyo zinavyomalizika. Mbuzi na ng'ombe wa Mduruma hawajasoma alama za barabarani.

Katiba ya mwaka 2010 iligawa kazi hii mara mbili. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, na msimamizi wake ni Halmashauri ya Barabara Kuu, KeNHA. Barabara za mashinani ni jukumu la kaunti. Mgawanyo huo unaeleweka kwenye karatasi, lakini mwananchi haishi kwenye karatasi. Yeye huishi pale ambapo barabara mbili hukutana, na mara nyingi hapo ndipo pasipokuwa na mwenyewe. KeNHA itasema kwamba njia ya kuingia kijijini si yake. Kaunti ya Kwale nayo itasema kwamba haiwezi kugusa hifadhi ya barabara kuu. Kila mmoja atakuwa amesema kweli, na mwenyeji atakuwa amebaki kwenye tope lake, safari hii akiitazama lami.

Lipo pia suala la ardhi, ambalo Pwani huwezi kulikwepa ukizungumzia jambo lolote. Barabara mpya huipandisha ardhi bei kabla ya tone la kwanza la lami kukauka. Kwa mwenye hati miliki, hiyo ni bahati. Lakini katika sehemu nyingi za Pwani, familia huishi kwa vizazi juu ya ardhi ambayo kwa mujibu wa makabrasha ni ya mtu mwingine, au ya serikali, au haijulikani ni ya nani. Maskwota katika ardhi ya babu zao: hilo ni donda ambalo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililitaja katika ripoti yake ya mwaka 2013, na mpaka leo halijapona. Palipo na donda kama hilo, barabara hufika ikiwa imefuatana na madalali. Siku moja mzee anapewa bei ambayo hajapata kuisikia maishani. Siku ya pili anatia kidole gumba. Mwaka wa tatu wajukuu wake ni vibarua katika bohari lililojengwa juu ya makaburi ya wazee wao.

Sheria inasemaje kuhusu haya yote? Kifungu cha 40 cha Katiba kinaagiza kwamba serikali inapotwaa ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, imlipe fidia ya haki, kamili na bila kukawia. Hayo ni maneno mazuri. Lakini sheria ya mwaka 2019 kuhusu thamani ya ardhi ilikuja kueleza kwamba huko kutokawia kwaweza kuchukua muda wa hadi mwaka mmoja baada ya ardhi kutwaliwa. Mtu anavunjiwa nyumba Januari, na sheria inaona hajacheleweshewa malipo yake hata Desemba ikimkuta bado amepanga chumba kwa jirani. Yeyote aliyewahi kujenga nyumba anajua bei ya saruji na mabati inaweza kwenda wapi katika muda huo.

Kuna pengo jingine kubwa kuliko hilo. Fidia yetu huhesabu udongo, nyumba na miti. Haihesabu desturi ya maisha. Mnazi wa mwenye shamba una bei yake kwenye orodha ya mthamini, lakini anayeupanda mnazi huo kugema au kuangua madafu kwa ujira hayumo katika orodha hiyo. Mikoko iliyokatwa ili nguzo za daraja zisimame haikuwa na hati miliki, ingawa chini yake samaki walizaana, kamba walikua, na kaa walimpa mama wa kijijini kitoweo na ada ya shule. Wachuuzi wa Likoni hawakunyang'anywa hata shibiri moja ya ardhi. Kwa hivyo mbele ya mthamini, hawakupoteza chochote.

Watetezi wa mpango wa sasa watadai kwamba serikali haiwezi kumlipa kila mtu ambaye biashara yake imeguswa na barabara, kwani hazina ingekauka na hakuna barabara ambayo ingejengwa. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Hakuna mwenye haki ya kudai kwamba magari yaendelee kukwama milele ili yeye auze maji. Kilifi ilipopata daraja mwaka 1991, waliokuwa wakiwauzia abiria kwenye foleni ya feri ya hapo walipoteza soko lao, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetamani foleni hiyo irudi. Barabara ya zamani ingalipo, inashuka taratibu hadi majini na kuishia hapo, kama sentensi iliyokatizwa.

Lakini tuichunguze Kilifi vyema kabla ya kuifanya kisingizio. Mji huo haukusimama kwa sababu ya magari yaliyokuwa yakilipita daraja. Ulisimama kwa sababu ulikuwa na ofisi za serikali, hospitali, na kituo cha utafiti wa maradhi kilichoanza mwaka 1989, kisha ukapata chuo kikuu kilichokamilika kuwa chuo kamili mwaka 2013, mwaka uleule ulipokuwa makao ya kaunti. Kwa maneno mengine, mji ulipopoteza foleni ulikuwa na kitu kingine cha kushika. Swali la kuuliza ni je, Likoni imewekewa kitu gani cha kushika? Na Tsunza je?

Tunao pia mfano wa upande wa pili. Reli mpya ilipoanza kubeba makasha ya mizigo mwaka 2018, na serikali ikaamuru Agosti 2019 kwamba mizigo ya kwenda bara isafirishwe kwa reli, miji iliyoishi kwa malori kwenye barabara ya Nairobi, Mariakani na Mtito Andei miongoni mwayo, ilitikisika. Waliofanya kazi katika mabohari na gereji za Mombasa waliandamana. Amri hiyo iliahirishwa, kisha serikali iliyoingia mwaka 2022 ikarudisha shughuli za mizigo bandarini Mombasa. Katika mivutano hiyo yote, walioumia ni wale waliopata habari siku ya kutekelezwa kwake. Hasira yao ilitokana na hasara, na pia ilitokana na kule kutoshauriwa. Ushirikishwaji wa umma umo katika kifungu cha 10 cha Katiba, lakini mara nyingi hugeuzwa kuwa baraza la saa mbili ambamo mhandisi huonyesha ramani, chifu huwashukuru waliohudhuria, na watu hutia sahihi ya mahudhurio ambayo baadaye husomwa kama sahihi ya kukubali.

Wala si kweli kwamba sheria zetu haziwezi kuihesabu riziki isiyo na hati. Kifungu hicho hicho cha 40 kinaruhusu kulipwa kwa wale wanaoishi kwenye ardhi kwa nia njema hata kama hawana hati miliki. Aidha, mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa sababu ujenzi wa bandari mpya uliwaharibia sehemu zao za uvuvi. Wavuvi hawana hati ya bahari. Walichokuwa nacho ni desturi ya kuitegemea, na mahakama iliona kwamba desturi hiyo ina thamani. Ikiwa maji ya Lamu yalihesabiwa, kwa nini mikoko ya Mwache au meza ya mchuuzi wa Likoni isiwekwe mizanini, angalau ijulikane imepoteza nini?

Hatudai kwamba kila mwenye meza apewe hundi. Tunadai mambo ambayo yamo ndani ya uwezo wa serikali zote mbili iwapo nia ipo. Kwanza, KeNHA na Kaunti ya Kwale waketi meza moja, watenge vituo vya matatu, njia za kuingilia vijijini na vivuko vya watembea kwa miguu na mifugo katika barabara hii yote, na watangaze tarehe za kazi hiyo kukamilika. Pili, yajengwe masoko ya kando ya barabara katika sehemu maalumu zilizo nje ya hifadhi yake, na nafasi za kwanza zipewe wenyeji na wale wa Likoni watakaotaka kuhamia huko. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kujenga kibanda katika hifadhi ya barabara bila idhini. Mwananchi asipoonyeshwa mahali halali, atajenga pasipo halali, na baada ya miaka mitano tutaletewa matingatinga na machozi. Tatu, upimaji wa ardhi na utoaji wa hati kwa wakazi wa Tsunza, Mteza na Kibundani ukamilishwe kabla ya madalali kuimaliza kazi yao. Nne, Bunge lihakikishe kwamba feri ya Likoni inapata fedha za kutosha hata kama hakuna gari hata moja litakaloipanda.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha zinazokaribia gharama ya daraja moja la Mteza. Linalohitajika ni kukubali kwamba barabara haimaliziki siku ya kukata utepe. Kwa mhandisi humalizika hapo. Kwa mwenyeji ndipo inapoanza. Yeye atakaa nayo, atavuka nayo, atazika nayo, na atakuwa akipima kila jioni kama imemwongezea au imempunguzia.

Dongo Kundu haitakuwa ya mwisho. Barabara nyingine zitanyooshwa, nyingine zitahamishwa, katika kila pembe ya nchi hii, kwani taifa linalokua haliwezi kuridhika na njia zilizochorwa na mkoloni. Kila inapohamishwa moja, pataachwa kijiji nyuma na patapitwa kingine. Mgeni ameshaingia. Kupona au kutopona kwa mwenyeji ni kazi ya wale waliomwalika.